Kuvuta Peugeot 404 kwa tela kutoka Kigoma hadi Arusha: naombeni ushauri

MwanaUjiji

Wakuu, habari za jioni. Nina Peugeot 404 ya mwaka 1968, saluni, rangi ya maziwa, aliyoiacha mzee. Ilikaa chini ya mwembe miaka mingi, sasa imeamka. Injini inawaka vizuri, gia za kwenye usukani zinaingia zote, bampa nimezipeleka kupakwa kromu upya. Kuna wenye magari ya zamani wanakutana Arusha mwisho wa mwezi ujao na wamenisisitiza niilete.

Kuiendesha yenyewe kutoka Ujiji hadi Arusha sitaki. Kioo cha mbele kikipigwa jiwe sijui nitakitoa wapi kingine, na redieta bado siiamini. Ninayo Hilux dabo kabini ya dizeli, 3.0, ina tobaa nyuma, yaani chuma cha kuvutia tela. Jamaa mmoja hapa Mwanga ana tela la ekseli mbili alilochomelewa na fundi, anasema limeshabeba hadi trekta dogo. Mimi kikubwa nilichowahi kuvuta ni boti ya mbao kuipeleka ziwani.

Naomba kujua: Hilux itaweza? Gari nalifungaje lisije likachomoka njiani? Na nikifika Tabora nipite Nzega au Itigi?

BabaMikweche

Hahaha, 404 juu ya tela! Mkuu unalidhalilisha gari. Hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, enzi hizo barabara ni vumbi na tope tupu. Na hiyo ya 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar. Weka maji, weka oili, washa, twende. Ukiharibikiwa Uvinza utapata chumvi ya bure.

MwanaUjiji

Shankland alikuwa na mafundi wanamsubiri njiani na spea za kiwandani, mkuu. Mimi nina spana za mzee na dua.

Mzee wa Isevya

Mwanangu MwanaUjiji, hujambo. Mimi nimezeekea kwenye semi, marobota ya tumbaku kutoka Urambo na Kaliua kwenda viwandani Morogoro. Tangu nistaafu kazi yangu ni kuhangaika na Land Rover 109 na kuwavutia wenzangu magari yao ya kale. Nitasema ninavyojua, mwenye la kunisahihisha asahihishe.

Unauliza kama Hilux itaweza. Kuvuta itaweza. Kazi ni kusimama. 404 saluni ni kama kilo 1,070 ikiwa haina kitu, tia petroli, spea tairi na vikorokoro vyako, ihesabu 1,100. Tela la ekseli mbili la kuchomelea ni chuma kizito, kwa kilo 700 halikosi. Basi nyuma yako kuna kilo 1,800 zinazotaka kuendelea na safari wakati wewe umekanyaga breki. Nchi nyingi zenye sheria za matela haziruhusu tela lisilo na breki zake lizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Hata kitabu cha Hilux yako kina namba mbili, moja ya tela lenye breki na nyingine, ndogo sana, ya tela lisilo nazo. Kitafute ukisome. Tela la jamaa yako nina wasiwasi nalo: mafundi wetu wengi huchukua ekseli za gari lililokufa, wakachomelea fremu, wakabandika taa mbili, biashara imeisha. Kama halina breki, mshukuru na umwachie tela lake, hata kama anakupa bure.

Breki inayotufaa sisi ni ile ya kusukumwa. Ukifunga breki ya Hilux, tela linakuja mbele, kichwa chake, pale linaposhikia tobaa, kinateleza kuingia ndani kidogo na kuvuta fimbo, fimbo inavuta waya, breki za tela zinashika zenyewe. Haina umeme wala mabomba. Shida yake ni kwamba ukirudi nyuma, hasa kwenye mwinuko, inajifunga. Matela mengine yana kipini cha kuizuia. Ukikitumia, kitoe kabla hujaondoka.

Kichwa na boli ya tobaa, lile tufe la chuma ambalo kichwa hukalia, vilingane. Kuna boli za milimita 50, kuna za inchi 2, kuna za inchi 1 na 7/8, na kwa macho zote ni moja. Kichwa cha inchi 2 kitakaa juu ya boli ya inchi 1 na 7/8 na kitafunga vizuri tu, halafu kitaruka kwenye tuta. Namba huchongwa juu ya boli yenyewe na kwenye kichwa. Futa grisi usome. Ukishafunga, chukua jeki ya tela uinue ulimi, ile sehemu ya mbele ya tela yenye kichwa: mkia wa Hilux ukiinuka pamoja nao, kimeshika. Minyororo ni miwili na ipishane chini ya kichwa, ili kichwa kikichomoka ulimi uangukie kwenye minyororo, usichimbe lami.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawalitazami, wakati ndilo linaloangusha magari: 404 itakaa wapi juu ya tela.

Tela likilemewa nyuma, ulimi unakuwa mwepesi, na tela lenye ulimi mwepesi huanza kupiga mkia ukifika mwendo fulani. Kwenye 60 huoni kitu. Kwenye 90, basi likikupita na ule upepo wake, unaona kwenye kioo tela linakwenda kulia, linarudi kushoto, kila likirudi linazidisha, na Hilux nayo inaanza kufuata. Wamarekani husema uzito unaokaa juu ya boli uwe asilimia 10 hadi 15 ya tela na mzigo wake. Ulaya wanakwenda chini ya hapo. Mimi kwa barabara zetu sishuki chini ya 10. Kwa kilo zako 1,800 maana yake ulimi uwe na 180 au zaidi kidogo, ila usipite kiasi kilichoandikwa kwenye kibati cha tobaa. Ukizidisha sana, mkia wa Hilux unakaa chini, pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zako zinawachoma wenzio machoni.

Kupima ni rahisi. Hapa Tabora mizani za sahani za kupimia marobota zimejaa, na huko kwenu najua dagaa hawauzwi kwa kukadiria. Tela likiwa na gari juu yake, mahali tambarare, weka gogo fupi juu ya mizani, ushushe ulimi juu ya gogo hadi tela likae usawa uleule litakaokaa kwenye Hilux. Soma. Hapo gari lazima liwe limeshafungwa mikanda na matairi ya tela yamewekewa kabari mbele na nyuma, maana tela lisilofungwa kwenye gari linaweza kuondoka na mzigo wako.

404 injini iko mbele, imelazwa kwa digrii 45, kwa hiyo ipandishe kwa pua, upate kuisogeza mbele au nyuma taratibu mpaka mizani ikubaliane nawe. Mwenye Volkswagen ya mgongo asifuate hivyo, injini yake iko nyuma, na huenda akalazimika kuipandisha kinyumenyume. Na usipandishe gari kwenye tela kabla tela halijafungwa kwenye Hilux. Magurudumu ya mbele ya 404 yakikanyaga mwisho wa tela, nyuma inashuka na ulimi unaruka juu. Nimeona kidevu cha mtu kikipasuliwa hivyo.

Kufunga: mikanda minne ya racheti, ile mipana ya malori yenye kibandiko cha uzito kinachosomeka. Kamba za katani waachie wabeba mkaa. Funga matairi au ekseli, usifunge bodi wala bampa. Ukifunga bodi, springi za gari zinapanda na kushuka kila shimo, na kila zikishuka mkanda unalegea. Kwa nyuma ya 404 utapitisha mkanda kwenye ekseli, lakini ingia chini na tochi kwanza: bomba la breki limelala pale juu ya ekseli na mkanda ukilikandamiza utashusha gari Arusha lisilo na breki. Weka gia, vuta hendibreki. Baada ya kilomita 20 au 30 simama ukaze upya, hata uwe na haraka gani, mkanda lazima utakuwa umejinyoosha. Nati za rimu za tela nazo zikaze hapo hapo.

Turubai usifunike. Najua unaogopa vumbi. Turubai likipigwa na upepo na vumbi liko chini yake linageuka msasa, utafika rangi ya maziwa imekuwa na michirizi kila mahali. Acha gari wazi, utaliosha Arusha. Kioo cha mbele mimi hukifunika kwa boksi gumu lililobandikwa selotepu ya karatasi pembeni.

Njiani mwendo wako 80, usizidi, na kwenye makazi 50 kama kawaida, tena matuta na rasta uyapande kwa kutambaa. Tela likianza kupiga mkia ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uelekee mbele, usifunge breki na usijaribu kulifukuza kwa usukani. Mkono utataka kufanya kinyume chake, uzuie. Likitulia, tafuta pa kusimama ukaangalie mzigo umesogea wapi.

Kila ukisimama zunguka tela. Peleka mgongo wa kiganja karibu na habu, vile vitovu vya katikati, za magurudumu yote manne, usiguse mara moja. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moja ni ya moto kuliko wenzake, ama beringi imekosa grisi ama breki inashika, na hapo safari haiendelei mpaka ujue ni lipi. Bora zaidi fungua habu zote ukiwa nyumbani, osha beringi kwa dizeli, ziache zikauke, tia grisi mpya, na ununue beringi mbili za akiba za saizi hiyo. Huko Nyahua, njia ya Itigi, hutazikuta.

Njia watakusaidia wenye kuipita kila siku. Mimi ningepita Itigi.

KijanaWaShelui

Shikamoo mzee. MwanaUjiji, mimi nakaa chini ya mlima Sekenke kwa hiyo nikwambie. Ukipita Nzega na Igunga, wakati wa kwenda Sekenke unaipanda. Hilux itanguruma tu, angalia geji ya joto, zima AC, usione aibu kukaa nyuma ya lori linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kurudi ndiyo kazi, unaishuka na kona zake huku tela linakusukuma. Ingiza gia ndogo juu kabisa kabla hujaanza kushuka. Ukikumbuka gia ukiwa katikati umeshachelewa, utashinda umekanyaga breki mpaka zinuke.

Itigi huna huo mlima. Tabora hadi Manyoni lami imeshaunganika tangu kile kipande cha Nyahua hadi Chaya kikamilike, halafu Manyoni unakata kwenda Singida. Ila kuna msitu mrefu, gereji hakuna, mtandao unakatika. Jaza mafuta Tabora.

Mzee wa Isevya

Marahaba kijana. Umesema vizuri. Ongeza kwamba njia zote mbili zinakutana Singida, na kuanzia Singida kwenda Katesh kuna upepo wa ubavuni wa kweli, si bure kila siku wanaongelea kuweka mitambo ya umeme wa upepo pale. Hapo shuka hadi 70. Na usiku usitembee. Lori likiharibika kwetu dereva anaweka matawi barabarani, ukiwa na tela nyuma na giza mbele, matawi utayaona umeshayakanyaga.

MtuWaReli

Kwani treni imekufa? Reli imefika Kigoma tangu 1914. Kaulize ofisi ya mizigo stesheni, gari linapandishwa behewani, wewe unalala.

Mzee wa Isevya

Treni itamfikisha Dodoma. Kutoka Dodoma kwenda Arusha atavutwa na nini?

MtuWaReli

Na tela.

BabaMikweche

Au aiendeshe. Nimekaa kimya lakini bado nasimamia hapo.

MwanaUjiji

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana kwa muda wako. Naleta mrejesho.

Tela la jamaa ni kama ulivyosema, halina breki hata moja, nimemrudishia kwa heshima. Nimepata jingine Kasulu, lililoletwa kutoka nje, la breki za kusukumwa, kibati chake kinasema tela tupu ni kilo 700. Boli ni 50 na kichwa ni 50, nimefuta grisi nikasoma mwenyewe. Kadi ya tela na namba yake vipo, bima nimekata, taa zote zinawaka isipokuwa indiketa ya kushoto, fundi umeme anaishughulikia kesho. Pembetatu na mtungi wa moto ninavyo.

Leo asubuhi tumepandisha gari na kwenda kupima Kibirizi kwenye mizani ya magunia ya dagaa. Watu walijaa kama kuna harusi. Ulimi umesoma kilo 95. Tobaa yangu imeandikwa mwisho kilo 225. Kutoka boli hadi katikati ya ekseli mbili za tela ni mita 3.6. Mbele ya bampa ya 404 bado kuna nafasi ya kama nusu mita hadi kwenye nguzo ya winchi. Nisogeze kiasi gani? Na nyingine: matairi ya tela yana kashata (zile meno za juu) nzuri sana, kama mapya, ila pembeni kuna nyufa ndogo ndogo na namba ya mwisho kwenye ubavu ni 1411. Hiyo ina maana gani?

Mzee wa Isevya

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha kwa kupima, wengi hukaa juu ya ulimi wakasema "uko sawa".

95 kwa 1,800 ni asilimia 5 na kidogo, haufai. Hesabu ni hii: uzito wa gari mara umbali unaolisogeza, gawanya kwa umbali wa boli hadi ekseli. 1,100 mara 0.30, gawanya kwa 3.6, unapata kama kilo 92. Ukisogeza 404 mbele sentimita 30, ulimi utasoma 187 hivi, ndani ya kiasi cha tobaa yako. Nafasi unayo. Legeza mikanda, sogeza, funga, rudi Kibirizi upime tena, usiiamini hesabu yangu peke yake. Ikishakubali, piga alama ya rangi kwenye sakafu ya tela pale matairi ya mbele yanapokaa, ili siku ya kurudi kutoka Arusha upandishe bila mizani. Na usiweke spea za gari na madumu nyuma ya tela baada ya kupima. Hivyo vyote vinakaa kwenye Hilux.

1411 ni wiki ya 14 ya mwaka 2011. Matairi ya tela hayafi kwa kuisha kashata, yanafia juani yamesimama. Nyufa ulizoziona ni mpira umeshakauka. Yatakuvusha Uvinza, halafu moja litapasuka ukiwa na kasi na kuchana matiwingu (vile vikinga tope) ya tela na pengine mlango wa 404. Nunua manne. Ya mtumba kama fedha imebana, lakini uisome hiyo namba ubavuni kabla ya kutoa hela, ukikuta limepita miaka sita liache dukani. Spea tairi ya tela nayo ihesabu, ile ya Hilux haitaingia kama matundu ya nati hayalingani.

Upepo ujazwe tairi likiwa la baridi, kiasi kilichoandikwa ubavuni kwa mzigo kamili, si kile cha kukisia kwa teke. Likipasuka moja njiani huhitaji jeki kubwa: tela la ekseli mbili unaweka kabari nene mbele ya tairi zima la upande huo, unapanda nalo taratibu, bovu linaning'inia lenyewe, unabadilisha. Kata kabari ya mninga au mti mwingine mgumu, ubao wa msonobari utapasuka.

Kipande cha Uvinza na Malagarasi waulize madereva wa mabasi siku moja kabla ya kuondoka, wao ndio wanajua kilivyo wiki hiyo. Ukifika Tabora nitumie ujumbe humu tuangalie habu pamoja. Njoo na mawese.

MwanaUjiji

Nimesogeza, nimepima tena: 184. Mawese lita tano yako kwenye Hilux, sio nyuma ya tela.

BabaMikweche

Angalau ukifika uishushe kabla ya lango uingie unaiendesha.